Uchangamano wa Wahusika na Uhalisia wa Mahusiano katika Tamthilia ya Runinga ya Normal People

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna uchangamano wa wahusika unavyojengwa katika tamthilia ya runinga ya Normal People (2020), na namna uchangamano huo unavyoyapa mahusiano ya kimapenzi sura ya uhalisia. Hoja kuu ni kwamba uchangamano hautokani na mabadiliko ya tabia peke yake, kama inavyodaiwa mara nyingi katika uhakiki wa wahusika. Unatokana na wingi wa vyanzo vya tendo moja, gharama ya tendo hilo, na umbali uliopo kati ya anachokijua mhusika na anachokijua mtazamaji. Makala yanachambua matukio manne: siri ya shuleni, mazungumzo kuhusu makazi ya likizo, athari za malezi, na kikao cha unasihi. Aidha, yanaonesha mipaka ya tamthilia hiyo na tija ya mkabala huu kwa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Tamthilia nyingi za mapenzi za runinga hujengwa juu ya kizuizi kilicho nje ya wapendanao. Wazazi hukataa ndoa, mpinzani mwenye hila hupanda fitina, barua hupotea, au mmoja hupatwa na maradhi ya ghafla. Kizuizi hicho kikiondolewa, wapendanao huungana na hadithi hufika tamati. Katika muundo huo mhusika hahitaji kuwa na undani mkubwa. Inatosha apende kwa dhati na astahimili.

Normal People inakwenda kinyume na muundo huo. Hakuna mzazi, mila wala sheria inayowakataza Connell Waldron na Marianne Sheridan kupendana. Wote wawili ni vijana, wana akili, wanaelewana kwa mazungumzo kuliko wanavyoelewana na mtu mwingine yeyote, na tangu sehemu za mwanzo mtazamaji hana shaka kwamba wanapendana. Hata hivyo wanaachana zaidi ya mara moja. Swali linaloongoza makala haya linatokana na ukweli huo: ikiwa kizuizi hakipo nje, kimo wapi, na tamthilia inakionesha kwa mbinu gani?

Tamthilia hii ina sehemu 12, kila moja ikiwa na urefu wa takribani nusu saa. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 2020 na BBC nchini Uingereza, Hulu nchini Marekani na RTÉ nchini Ayalandi. Imetokana na riwaya ya Sally Rooney yenye jina hilohilo, iliyochapishwa mwaka 2018, na Rooney mwenyewe alishiriki kuandika miswada pamoja na Alice Birch na Mark O'Rowe. Lenny Abrahamson aliongoza sehemu sita za mwanzo na Hettie Macdonald sita za mwisho. Paul Mescal aliigiza nafasi ya Connell na Daisy Edgar-Jones nafasi ya Marianne.

2.0 Mkabala wa Uchambuzi

Mjadala wa uchangamano wa wahusika kwa kawaida huanzia kwa E. M. Forster, ambaye mwaka 1927 alitofautisha wahusika bapa na wahusika duara. Kwa mtazamo wake, mhusika bapa hujengwa juu ya wazo au sifa moja, ilhali mhusika duara ana uwezo wa kumshangaza msomaji kwa namna inayosadikika. Istilahi hizo zimepata makazi ya kudumu katika uhakiki wa Kiswahili, na ni nadra kukutana na tasnifu ya uchambuzi wa riwaya au tamthilia isiyozitumia.

Katika matumizi, hata hivyo, kigezo cha Forster hufupishwa. Mhakiki huuliza kama mhusika anabadilika kutoka mwanzo hadi mwisho. Akibadilika huitwa duara, asipobadilika huitwa bapa. Ufupisho huu una kasoro mbili. Kwanza, mhusika anaweza kubadilika kwa sababu mtunzi anahitaji funzo la kufungia hadithi, bila chochote ndani yake kilichoyaandaa mabadiliko hayo. Pili, kigezo hicho humpima mhusika akiwa peke yake, ilhali katika kazi inayohusu mapenzi kitu kinachopaswa kuchunguzwa ni uhusiano baina ya watu wawili.

Kwa sababu hiyo, uchambuzi huu unatumia maswali matatu. La kwanza: je, tendo la mhusika lina chanzo zaidi ya kimoja, na vyanzo hivyo vinaonekana ndani ya matini? La pili: je, tendo hilo lina gharama, na nani anayeilipa? La tatu: je, mhusika anajielewa kuliko mtazamaji anavyomwelewa, au mtazamaji anaona asichokiona mhusika? Kwa mujibu wa mkabala huu, uhalisia wa mahusiano una maana zaidi ya kufanana kwa picha na maisha. Uhusiano ni wa kihalisia pale ambapo kila tendo lina chanzo kinachofuatilika na gharama isiyofutwa na sehemu inayofuata.

3.0 Muhtasari wa Tamthilia

Hadithi inaanzia Carricklea, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Sligo, magharibi mwa Ayalandi. Connell ni mwanafunzi anayependwa shuleni na mchezaji wa kandanda ya Kiayalandi. Marianne anatoka katika familia yenye uwezo, lakini shuleni ametengwa na kudhihakiwa. Lorraine, mama yake Connell, aliyemlea mwanawe peke yake, anafanya kazi ya usafi katika nyumba ya akina Marianne. Vijana hawa wanaanza uhusiano kwa siri na kuachana kabla ya kumaliza shule. Wanakutana tena katika Chuo cha Trinity, Dublin, ambako nafasi zao zimegeuka: Marianne amezungukwa na marafiki na Connell ni mpweke. Kuanzia hapo wanaungana na kutengana kupitia miaka ya masomo, safari ya Italia, mwaka wa Marianne nchini Uswidi na sonona inayompata Connell baada ya rafiki yake wa shuleni kujiua. Mwishoni Connell anapata nafasi ya kusomea uandishi New York. Marianne anamhimiza aende, naye anaamua kubaki.

4.0 Uchambuzi

4.1 Siri ya Shuleni na Wingi wa Vyanzo

Connell anaufanya uhusiano wake na Marianne kuwa siri, na shuleni anapita karibu naye bila kumsemesha. Wakati wa dansi ya kuhitimu unapofika, anamwalika Rachel, msichana anayekubalika katika kundi lao. Marianne anaumia kiasi cha kuacha kwenda shuleni.

Usomaji wa haraka ungemhukumu Connell kuwa mwoga na kuishia hapo. Woga upo, lakini tamthilia inaweka kando yake vyanzo vingine. Kipo cheo chake shuleni, ambacho kijana asiye na mali wala baba anakitegemea kama akiba pekee aliyonayo. Ipo pia hali ya mama yake kuwa mfanyakazi wa nyumba ile; kuutangaza uhusiano ni kualika maneno juu ya mama pia. Isitoshe, kipo kigugumizi chake cha ndani, kwani Connell hana lugha ya kueleza hisia zake hata anapotaka. Hakuna chanzo kimoja kinachotosha kulieleza tendo, na hakuna kinacholihalalisha.

Jibu la swali la gharama linatolewa na Lorraine. Akiwa garini na mwanawe, anapofahamu kwamba amemwalika Rachel na kumwacha Marianne, anamwambia kwamba anamwonea aibu, kisha anashuka garini ili arudi nyumbani kwa basi. Tukio hili lina uzito kwa sababu mwenye kutoa hukumu ndiye mtu ambaye Connell angeweza kudai kwamba alikuwa akimlinda. Mfanyakazi wa nyumba anamtetea binti wa mwajiri wake dhidi ya mwanawe mwenyewe, si kwa utiifu wa kitabaka bali kwa sababu anajua uchungu wa kutothaminiwa. Kinaya kinakamilika pale Connell anapogundua kwamba wenzake walikuwa wakijua muda wote na hawakulijali sana jambo hilo. Siri iliyomgharimu Marianne masomo ya darasani haikumlinda Connell na kitu chochote.

Kinachofuata ni muhimu kwa hoja ya uhalisia. Connell anamwomba Marianne radhi baadaye, naye anasamehewa, lakini tendo halifutiki. Linabaki kama ushahidi ambao Marianne anaurejea moyoni kila anapojiuliza kama anastahili kupendwa hadharani. Katika tamthilia za kawaida msamaha hufuta deni. Hapa msamaha unatolewa na deni linabaki.

4.2 Fedha Isiyotajwa

Mfano wa wazi zaidi wa kizuizi cha ndani umo katika sehemu ya sita. Likizo ndefu inakaribia, na kazi ya muda iliyokuwa ikimwezesha Connell kulipa pango imekwisha. Marianne ana nyumba mjini Dublin isiyomlazimu kulipa pango, na kwa wakati huo Connell anakaa humo karibu kila siku. Anachohitaji ni kuuliza kama anaweza kuhamia hapo kwa miezi michache. Anashindwa kuuliza. Badala yake anasema kwamba itabidi arudi Sligo, na kwamba huenda Marianne atapenda kuwa na watu wengine. Marianne anaelewa kuwa anaachwa na anakubali kwa upole. Uhusiano unakatika kwa dakika chache, bila ugomvi, bila mtu wa tatu, na bila yeyote kati yao kutaka ukatike.

Kwa kigezo cha swali la tatu, mtazamaji anajua kile ambacho kila mmoja wao hakijui kuhusu mwenzake. Anajua kwamba Connell anataka kubaki na kwamba Marianne angekubali mara moja. Hata hivyo tukio halionekani kuwa la kulazimishwa, kwa sababu kila upande una mantiki yake. Kwa Connell, kuomba makazi kwa binti wa nyumba ambayo mama yake anaisafisha ni kuirudia nafasi ya mama yake kwa sura nyingine. Kwa Marianne, kuuliza kwa nini anaondoka ni kudai kupendwa, nayo ni haki ambayo malezi yake hayakumfundisha kuidai. Mwenye mali haoni kwamba kuna jambo la kuombwa, na asiye na mali haoni namna ya kuomba bila kujidhalilisha.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika tamthilia hii mshindo unasikika baadaye, wala hautoki kwa adui yeyote. Tabaka halijitokezi kama tajiri anayemtukana maskini. Linajitokeza kama sentensi isiyotamkwa. Jambo hilohilo linaonekana wote wawili wanaposhinda ufadhili wa masomo wa Chuo cha Trinity, unaogharimia ada, malazi na chakula. Kwa Marianne ufadhili ni heshima ya kitaaluma. Kwa Connell ni uhuru wa kuishi Dublin bila hofu ya pango na kusafiri Ulaya kwa mara ya kwanza. Kitu kimoja kina thamani mbili, na tamthilia haimlaumu yeyote kwa tofauti hiyo.

4.3 Malezi na Jeraha la Marianne

Nyumba ya akina Marianne ni kubwa na baridi. Baba amefariki, na tunafahamishwa kwamba alikuwa akimpiga mkewe. Denise, mama yake, ni mwanasheria. Anashuhudia kaka mtu, Alan, akimtukana na kumsukuma dada yake, naye hasemi neno. Alan anaurithi ukatili wa baba, mama anaendeleza ukimya aliouzoea, na Marianne anajifunza kwamba kudhalilishwa ni sehemu ya kawaida ya kuishi na watu.

Mafunzo hayo yanajidhihirisha katika mahusiano yake anapokuwa mbali na Connell. Akiwa na Jamie, na baadaye akiwa na Lukas nchini Uswidi, anakubali kutendewa kwa namna inayomshusha hadhi, na wakati mwingine anaiomba. Kilele kipo katika sehemu ya 11, pale anapomtaka Connell ampige na Connell anakataa. Kwa Marianne kukataa huko ni ushahidi kwamba ana kasoro. Anaondoka akiwa ameaibika. Usiku huohuo Alan anamjeruhi pua kwa mlango, na mtu anayempigia simu ni Connell. Mtazamaji anaona mambo mawili kwa pamoja: kwamba Connell hakumkataa yeye bali alikataa kumuumiza, na kwamba Marianne hakuwa na namna ya kuyatenganisha mambo hayo.

Hapa pia ndipo penye udhaifu wa tamthilia. Kwa kuyafungamanisha matamanio yote ya Marianne na ukatili wa nyumbani, hadithi inakaribia kumgeuza kuwa mgonjwa anayesubiri mtu mwema wa kumponya. Chanzo kimoja kinaachwa kieleze mambo mengi mno, na hivyo kigezo cha wingi wa vyanzo hakitimizwi kwa Marianne kwa kiwango kinachotimizwa kwa Connell. Uigizaji wa Edgar-Jones unasaidia kupunguza pengo hilo, hasa katika ucheshi na ukali wa akili ya mhusika, lakini muundo wa mswada unabaki na upungufu huo.

4.4 Uso Badala ya Msimulizi

Riwaya ya Rooney inasimuliwa katika nafsi ya tatu na msimulizi anayeingia katika mawazo ya wahusika wote wawili kwa zamu. Runinga imeupoteza uwezo huo, kwa kuwa tamthilia haina msimulizi wa kufafanua fikra zao. Pengo hilo linajazwa na kamera. Picha za karibu zinabaki usoni mwa mwigizaji muda mrefu kuliko ilivyo desturi, na mara nyingi kamera inamwangalia anayesikiliza badala ya anayezungumza. Kwa njia hiyo mtazamaji anafundishwa kusoma uso kama anavyosoma aya.

Mfano bora ni kikao cha unasihi katika sehemu ya kumi. Baada ya kifo cha Rob, rafiki yake wa shuleni, Connell anamwona mnasihi wa chuo. Anajaza dodoso kuhusu hali yake, kisha anaanza kueleza kwamba alipoondoka Carricklea alidhani atapata maisha mengine, lakini hapa alipo hapapendi, na kule alikotoka hawezi kurudi tena kwa sababu maisha yale hayapo. Kamera haimwachi. Kijana ambaye kwa sehemu tisa alishindwa kumaliza sentensi zake anazimaliza akilia, mbele ya mtu asiyemfahamu. Kiuchambuzi, tukio hili halimbadilishi Connell kuwa mtu mpya. Linaonesha kwamba maneno yalikuwemo muda wote. Kigezo cha mabadiliko kingeliita tukio hili mgeuko wa mhusika, ilhali ni ufunuo wa kilichokuwepo.

Uangalifu huohuo upo katika matukio ya faragha, ambayo yaliandaliwa kwa msaada wa mratibu maalumu, Ita O'Brien. Mara ya kwanza wanapokutana kimwili, Connell anamweleza Marianne kwamba akitaka waache, wataacha, na haitakuwa jambo la kuoneana aibu. Ridhaa inatamkwa. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba vijana hawa wanaweza kutamka ridhaa ya mwili wasiweze kutamka hitaji la pango. Tofauti hiyo inaeleza mahali hasa kizuizi kilipo.

4.5 Wahusika wa Pembeni

Undani wa wahusika wawili wakuu umepatikana kwa gharama ya wengine. Jamie ni mwenye wivu na majivuno kila anapoonekana. Alan ni katili kila anapoonekana. Lukas anatoweka mara tu kazi yake katika msuko inapokamilika. Kwa lugha ya Forster, hawa ni bapa. Lorraine peke yake ndiye aliyepewa mamlaka ya kimaadili, ucheshi na mapungufu. Inaweza kutetewa kwamba sehemu 12 za nusu saa haziwezi kubeba uchangamano wa watu kumi. Utetezi huo una uzito kwa Jamie na Lukas, lakini hautoshi kwa Alan, kwa kuwa jeraha la Marianne limejengwa juu yake. Chanzo kisichochunguzwa hudhoofisha tendo linalotokana nacho.

5.0 Tija kwa Uhakiki wa Kiswahili

Mkabala uliotumika hapa unaweza kuhamishiwa katika kazi za Kiswahili bila kuzilazimisha zifanane na tamthilia ya Ayalandi. Tuchukue Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971. Rosa kwa kawaida huitwa mhusika duara kwa hoja kwamba anabadilika kutoka binti mtiifu hadi mwanamke aliyepotoka. Tukiuliza maswali ya vyanzo na gharama, picha inapanuka. Ukali wa Zakaria, baba yake, ulimnyima Rosa nafasi ya kujifunza mahusiano na wanaume. Taasisi za elimu zikampa uhuru bila maarifa. Na wanaume wenye mamlaka wakaufaidi upungufu huo. Gharama aliilipa Rosa peke yake, kwa uhai wake. Mabadiliko yake hayatoshi kuueleza uchangamano wake. Kinachoueleza ni kwamba hakuna chanzo kimoja tunachoweza kukilaumu na kuwaachia wengine.

Ulinganishi huu unaonesha pia tofauti ya msingi. Kezilahabi anaiweka jamii mbele ya macho ya msomaji na kuihoji waziwazi. Normal People inaificha jamii ndani ya kusita kwa wapendanao. Njia zote mbili ni za kihalisia, na mhakiki asiyekuwa na kigezo kingine zaidi ya mabadiliko ya tabia hawezi kuzitofautisha.

Tija ya pili inahusu tamthilia za runinga za Kiswahili, ambazo utafiti wake mara nyingi hujikita katika dhamira na funzo. Kuuliza mhusika anafunza nini ni halali. Hata hivyo, swali hilo likitangulia, mhusika husomwa kama chombo cha kubebea ujumbe, na uhusiano husomwa kama mfano mwema au mbaya. Maswali ya vyanzo, gharama na ujuzi yanamwezesha mtafiti kueleza kwa nini funzo fulani linamgusa mtazamaji na jingine linamchosha.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kizuizi cha mapenzi katika Normal People kimo ndani ya wahusika wenyewe, kikiwa kimewekwa humo na tabaka, malezi na cheo cha kijamii. Uhalisia wa uhusiano wa Connell na Marianne unatokana na matendo yenye vyanzo vingi, gharama isiyofutwa, na mtazamaji anayewekwa mahali pa kuona kile ambacho wapendanao hawakioni. Pale ambapo vigezo hivyo havikutimizwa, kama ilivyo kwa Alan na kwa sehemu ya usawiri wa Marianne, tamthilia imepungukiwa.

Tamati yake inathibitisha hoja hii. Connell anapoipata nafasi ya New York, safari hii jambo linatamkwa: anasema anachotaka, na Marianne anasema atabaki. Hatuambiwi kama wataungana tena. Kwa muundo wa kawaida wa tamthilia za mapenzi, mwisho huo ungehesabiwa kuwa ni kushindwa. Kwa mkabala wa makala haya ni mafanikio, kwa kuwa kwa mara ya kwanza wawili hawa wanatengana wakiwa wameelewana. Utafiti zaidi unahitajika kuupima mkabala huu katika tamthilia ndefu za Kiswahili zenye wahusika wengi, ambako swali la nani apewe undani na nani anyimwe lina uzito mkubwa zaidi.